Februari 18: Tarehe iliyoibeba na kuibadili NASCAR

Shabiki wa soka anajua presha ya dakika za lala salama. Kwenye NASCAR, mbio za magari za Marekani, presha hiyo ina tarehe yake: Februari 18.

Mwaka 1979, Daytona 500 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwanzo mwisho, mubashara, na televisheni ya CBS. Mzunguko wa mwisho, Donnie Allison na Cale Yarborough wakagongana wakigombea uongozi. Richard Petty, aliyekuwa mbali nyuma, akapita zake na kubeba ushindi. Huku nyuma Bobby Allison akasimama kumsaidia mdogo wake, wakazichapa kavukavu na Yarborough. Marekani nzima ikaona, na mchezo uliodhaniwa wa watu wa Kusini tu ukapata mashabiki wapya.

Mwaka 1990, tarehe hiyohiyo, Dale Earnhardt alikuwa anaongoza mzunguko wa mwisho, tairi likamsaliti. Derrike Cope, ambaye hakuwahi kushinda, akatwaa.

Kisha 2001. Earnhardt, bingwa mara saba, alikuwa wa tatu nyuma ya Michael Waltrip na mwanawe, Dale Jr, wote wakiendesha magari ya timu yake. Kona ya mwisho akagonga ukuta, akafariki. Waltrip alikuwa amesubiri mbio zaidi ya 460 kupata ushindi wake wa kwanza. Sherehe ikageuka msiba.

Hakuwa wa kwanza. Mwaka 2000 walikufa Adam Petty, Kenny Irwin na Tony Roper. Kifaa cha kushikilia kichwa na shingo kilikuwepo, ila madereva wengi walikiona usumbufu, na Earnhardt hakukivaa. Oktoba 2001 kikawa lazima, na baadaye zikaja kuta zinazopunguza mshindo. Tangu hapo hakuna dereva aliyekufa kwenye mbio za daraja la juu la NASCAR. Ryan Newman alipata ajali mbaya Daytona 2020, siku mbili baadaye akatoka hospitali kwa miguu yake.

Funzo liko wazi: vifo vitatu havikutosha, mpaka alipoanguka staa.

Februari 18, 2018, Austin Dillon alishinda Daytona kwa kuongoza mzunguko mmoja tu, wa mwisho. Gari lake? Namba 3, ile ya Earnhardt.