Kibarua Asiye na Kibali Naye Huugua

Mvua zinapoanza, mashamba ya Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko hupokea vibarua kutoka Burundi. Wengi hawana kibali. Hulima, hupanda, hupalilia mahindi na maharage, na kwa kuwa Kiha na Kirundi husikilizana, si rahisi kumtambua mgeni kwa maneno yake. Sisi wauguzi humtambua kwa jambo jingine: huletwa hospitali amechelewa.

Sababu tunaijua. Mapatano ya shambani mara nyingi ni kulipwa msimu ukiisha. Kibarua hupewa chakula na mahali pa kulala, lakini fedha hana. Akipata homa, hukopa vidonge viwili vitatu dukani. Tena wengine hutoka milimani kwenye baridi, ambako malaria si ya kila siku. Miili yao haijaizoea, na homa ambayo mwenyeji huistahimili huwaangusha upesi. Akifikishwa kwetu kwa baiskeli, amekwisha kupoteza fahamu. Mwenye shamba, akiogopa kuulizwa maswali, humwacha mlangoni na kuondoka. Jina hatulijui, ndugu hana. Na kupima malaria ni tone moja tu la damu! Dawa mseto ingeanzwa mapema, huenda angerudi shambani wiki hiyo hiyo.

Wapo wanaosema kwamba tukiwatibu watazidi kuja. Hatukubaliani nao. Watu hawa wameitwa na jembe, si na chupa ya dawa, na wanaowaita ni sisi wenyewe wenye mashamba. Mambo ya mpaka yana ofisi yake. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wasio na vibali, na bado vibarua wanakuja.

Kinachotutia hofu zaidi ni kifua kikuu. Vibarua hulala wengi katika kibanda kisicho na dirisha, na jioni huota moto pamoja na watoto wako. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, lakini nafuu huja baada ya wiki chache. Mgonjwa akitoroka kwa kuogopa kukamatwa, vijidudu vilivyobaki vyaweza kuwa sugu. Anayekohoa wiki 2 au zaidi apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu ni bure. Akilazimika kuondoka, apite kwetu kwanza tumwandikie barua ya kuendelea na dawa kwingine. Watoto wao nao wafike kliniki: chanjo ya surua hutolewa katika miezi 9 na tena miezi 18, na surua haijui mpaka.

Liko jambo linalotuuma. Wodini tunasimuliwa habari za waajiri ambao siku ya malipo huwaita maofisa ili kibarua akamatwe na ujira wake ubaki. Huo ni wizi, hatuna jina jingine la kuuita. Lipeni kila wiki, hata kama ni kidogo. Mwenye fedha mfukoni huja hospitali siku ya kwanza.

Dirishani kwetu hatuulizi kibali. Tunauliza jina, umri na mahali panapouma. Mama anayewapikia ndiye husikia kikohozi kabla ya wengine. Baba akisitasita, mama amlete mgonjwa yeye mwenyewe.