Sanduku la vitabu vya bibi: fungua kwa makini

Likizo ya Desemba familia nyingi za Kipare hupanda milimani, na watoto wakishafika Suji, Mbaga au Gonja hawakawii kufungua masanduku ya bibi. Mama mmoja wa Same mjini amenitumia picha ya Adili na Nduguze aliyoikuta kwa mama mkwe wake. Anauliza kama ni chapa ya kwanza, maana amesikia vitabu vya zamani vina hela, na kama mwanawe wa miaka mitatu anaweza kukichezea.

Mzazi, usiangalie jalada. Fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu, ndipo penye jina la mchapishaji, mji na mwaka. Kitabu hiki cha Shaaban Robert kilitolewa mara ya kwanza na Macmillan, London, mwaka 1952. Ukiona 1952 imefuatwa na miaka mingine, au neno "Reprinted", mkononi una chapa ya baadaye. Ukikuta jina la Tanzania Publishing House, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1966, jibu umeshalipata.

Tazama pia ISBN. Namba hizo zilianza kutumika kimataifa mwaka 1970 zikiwa na tarakimu 10, na tangu Januari 2007 zina 13. Kitabu cha 1952 hakiwezi kuwa nayo. Cha mama yule kinayo, kwa hiyo ni cha baadaye. Pole mama, ila hadithi ni ileile.

Vitabu vya watoto vya Kiswahili vilisomwa shuleni mpaka vikachanika, ndiyo maana chapa za kwanza zilizo nzima ni chache. Mfano ni Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kitabu cha Lewis Carroll iliyotolewa na Sheldon Press, London, mwaka 1940. Wapo watu duniani wanaokusanya tafsiri za Carroll za kila lugha. Ukikipata, usikibandike selotepu, usifute jina la babu lililoandikwa kwa wino, wala usimpe mnunuzi wa kwanza anayebisha hodi.

Sasa afya, maana hapa ndipo penye hatari yenyewe. Huko juu kuna ukungu na unyevu, vitabu huota kuvu. Mtoto mwenye pumu akivuta vumbi lake anaweza kubanwa kifua usiku huohuo. Mtu mzima afungue sanduku nje, kivulini, amevaa barakoa, afute kwa brashi kavu. Kitambaa chenye maji huongeza kuvu.

Kinachonitisha zaidi ni vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyoweka kuzuia nondo na mende. Kwa mtoto mdogo vinafanana na pipi. Akimeza hata kimoja vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, hasa kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo yenye malaria. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anayo. Dalili huweza kuchelewa siku moja au zaidi: mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya njano, kupauka, kuchoka. Usisubiri dalili, wala usimtapishe au kumpa maziwa. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na ubebe pakiti ya vidonge hivyo.

Nguo na mablanketi ya sanduku hilo yafuliwe na kuanikwa kabla ya kumfunika mtoto mchanga, kwa sababu hata mvuke wa naftalini umewahi kuwadhuru wachanga.

Kwa huyo wa miaka mitatu, kitabu cha bibi kikae rafu ya juu. Mnunulie chapa mpya ya hadithi yoyote ya picha, aichane atakavyo, na cha bibi msomee wewe jioni huku umekishika mwenyewe.