Wimbo wa Matundu Ufike Shule za Shianda

Tangu mwaka 2022, ilipoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya silabasi ya kuwafundisha wanafunzi wetu uandishi wa programu za kompyuta, yamesemwa mengi juu ya vishikwambi, umeme na intaneti, na machache mno juu ya jambo ambalo mtoto hapaswi kulikosa kabla ya hayo yote, nalo ni kufahamu jinsi amri iliyoandikwa leo inavyoweza kutekelezwa kesho na chombo kisicho na akili. Rai yangu, nami naitoa nikizikumbuka shule za Shianda, katika nchi ya Wawanga, ambako trekta za miwa hupita barabarani zikiyumba kwa mzigo na umeme haukosi kukatika, ni kwamba somo hilo lianze na kisanduku cha muziki cha kuzungusha kwa mkono, kile kisomacho wimbo katika ukanda wa karatasi yenye matundu.

Chombo chenyewe hutoshea kiganjani wala hakina siri. Ndani yake mna bamba la chuma cha pua lililochongwa meno kama chanuo, meno 15 katika vile vya kawaida, marefu yakitoa sauti nzito na mafupi sauti nyembamba; na kila jino lina kigurudumu chake kidogo chenye ncha pande zote. Ukizungusha mkono, karatasi huvutwa polepole kupita juu ya vigurudumu hivyo; maadamu karatasi ni nzima, ncha huzuiliwa na chombo hunyamaza, lakini tundu liwadiapo, ncha moja huzama humo, kigurudumu kikajongea hatua moja, na ncha nyingine ikalidaka jino, ikaliinua kidogo, ikaliachia, nalo likalia. Mahali pa tundu kwa upana wa karatasi ndipo paamuapo ni sauti gani, na mahali pake kwa urefu ndipo paamuapo ni wakati gani. Mwendo ni wa yule azungushaye: akitaka kumngojea mwimbaji aliyeishiwa pumzi, atamngojea, hisani ambayo redio haijapata kumfanyia mtu.

Wala asije mtu akadai kwamba hii ni bidaa ya Wazungu. Wana wa Musa, wale ndugu watatu wa Baghdad, walikwisha kueleza katika karne ya 9 ala yenye kujipiga yenyewe kwa nguvu ya maji na pipa lenye vijiti. Chanuo la chuma ndilo lililokuja baadaye, mwaka 1796, kwa mkono wa Antoine Favre, fundi wa saa wa Geneva. Na hata hilo chanuo, Msoga wa ng'ambo ya mpaka angelitambua mara moja, kwani ala yake ya akadongo ni ndimi za chuma kilichofuliwa, ndefu na fupi, zikichezwa kwa vidole gumba. Ama karatasi ya matundu, asili yake ni mtambo wa kufuma nguo: Jacquard wa Ufaransa aliuamuru ufume maua kwa kadi zilizotobolewa mnamo 1804, na kadi za namna hiyo ndizo alizozitumia Hollerith kuhesabia sensa ya Marekani ya 1890, ndipo ikafuata kompyuta.

Kasoro za kisanduku nazijua, nami nazihesabu miongoni mwa faida. Kisanduku cha meno 15 hakina nusu-sauti zote. Kadhalika hakiwezi kurudia sauti moja upesi, kwa kuwa kigurudumu huhitaji karibu milimita 8 za karatasi kabla ya kulipiga tena jino lile lile. Sasa mpe mtoto wa Kiwanga wimbo alioupokea kwa bibi yake, wenye kukariri sauti moja mara nne kwa haraka, uone atakavyohangaika: atasogeza tundu moja juu kwa oktava, atapunguza jingine, atabandika selotepu palipokosewa, atazungusha tena, atasikiliza. Kwa dakika hizo amekuwa mtunzi, mhasibu na mwandishi wa programu, na rula yake ya shilingi chache imefanya kazi kuliko kishikwambi kilichofungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, haitaingia katika kisanduku hiki kamwe, wala haifai kujaribiwa. Ngoma na ibaki mikononi mwa watoto, kisanduku kishike sauti, wapigaji wamfuate mzungushaji.

Nasikia pingamizi la gharama. Kisanduku kimoja hutosha darasa zima, kwa kuwa kazi kubwa hufanyika juu ya karatasi, na manila iliyokatwa kwa upana sahihi, kingo zake zikiwa laini zisikwame, hufaa. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule za Shianda, pamoja na walimu wanaowaandaa wanafunzi kwa Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu 1927, wanunue kimoja kabla ya muhula ujao, na wimbo wa kwanza kutobolewa uwe wa Kiwanga.