Helikopta ya Grand Canyon: kabla ya kulipa, uliza

Msimu umefika tena. Joto la Maskati na Abu Dhabi likishapanda, jamaa zetu hufunga masanduku wakaja kwetu Kanada kupumua, na sisi wa Thornhill tunaanza kutandika magodoro sebuleni. Wiki ya kwanza ni Niagara, hiyo lazima. Wiki ya pili ni maduka. Wiki ya tatu, siku hizi, ni Las Vegas, na mtu asije akadhani wanafuata kamari, la hasha. Wanafuata helikopta. Video za Grand Canyon zimeshazunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp ya ukoo, toka Ruwi mpaka Sharjah, na kila mwenye wajukuu ameshaahidi.

Nasema mapema kwamba mimi sipingi. Nilisomesha jiografia miaka mingi katika skuli ya sekondari ya misheni huko Mombasa, na korongo lile nimelichora ubaoni kwa chaki mara nyingi kabla sijaliona kwa macho. Urefu wake ni kilomita 446. Kina chake mahali pengine kinapita mita 1,800. Mawe ya chini kabisa yana zaidi ya miaka bilioni 1.7, na mto uliolichimba, Colorado, ukiwa juu unauona kama uzi wa kushonea. Mtu mzima ambaye magoti yake yamechoka hawezi kushuka kule kwa miguu wala juu ya nyumbu. Kwake yeye helikopta ndiyo miguu. Na atakayesema ni israfu, namheshimu, lakini tusianze kuhesabiana pesa sisi ambao harusi moja ya kwetu ina usiku nne.

Langu ni jengine. Sisi watu wa pwani na wa Ghuba tuna haya, na haya ni pambo letu, lakini tumezoea kuivaa hata mahali isipotakiwa. Tukifika mbele ya mtu aliyevaa sare, rubani au daktari, tunanyamaza. Kuuliza tunaona ni utovu wa adabu, ni kumshuku mtu kazi yake. Kwa hiyo tunalipa dola mia kadhaa kwa kila kichwa, tunapanda na watoto na wazee wetu, na hatujauliza hata swali moja zaidi ya "picha zinaruhusiwa?"

Hebu niwaeleze kilichotokea tarehe 10 Februari 2018. Karibu na magharibi, helikopta ya watalii ilikuwa inakwenda kutua ndani ya korongo, upande wa ardhi ya kabila la Wahualapai. Ndani mlikuwa na watu saba, rubani na abiria sita. Ilipokaribia kutua ikakumbwa na upepo, ikazunguka, ikaanguka, ikashika moto. Watano wakafa, wote Waingereza, vijana. Wengine hawakufa palepale, walifia hospitali. Wazazi wa mmoja wao wakafungua kesi, na hoja yao ilikuwa nzito: kwamba kilichomuua mtoto wao si kule kuanguka, ni moto, na moto ule ulitokana na tangi la mafuta ambalo halikutengenezwa kuhimili kishindo. Mwaka 2024 kesi ikamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 100.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye funzo la kisheria ambalo wakala wa tiketi hatokwambia. Tangi lisilopasuka ovyo si kitu kipya. Tokea mwaka 1994 Marekani iliamuru kwamba miundo mipya ya helikopta za kiraia iwe nalo. Neno ni "miundo mipya". Helikopta ambayo muundo wake ulikuwa umeidhinishwa zamani iliendelea kuruhusiwa kutengenezwa na tangi la zamani, hata ikiwa imetoka kiwandani jana na bado inanuka rangi. Mwaka ule ule wa 2018 Bunge lao likapitisha sheria: kila helikopta itakayotengenezwa kuanzia Aprili 2020 lazima iwe na mfumo wa mafuta unaohimili kuanguka. Zile zilizokuwa zinaruka tayari hazikulazimishwa kubadilishwa. Baadhi ya wenye kampuni wamebadilisha wenyewe kwa hiari, na wanastahili sifa. Lakini wewe utajuaje kama hii unayopanda imebadilishwa? Kwa rangi yake?

Utajua kwa kuuliza tu. Swali lenyewe ni fupi: "Je, helikopta hii ina tangi la mafuta linalohimili kuanguka?" Kampuni iliyotumia pesa kuliweka itakujibu kwa furaha, tena itakuonyesha maandishi. Ambayo inaanza kuzungukazunguka, nayo imeshakujibu.

Mwaka jana nilikwenda na wifi yangu wa Maskati, watoto wake wawili na Bi Mkubwa mama yake. Pale mapokezi nikauliza. Yule kijana wa kaunta akacheka kidogo, hajui. Mtoto wa kaka yangu akanivuta mkono, "Shangazi, usituaibishe." Nikamwambia mwanangu, aibu ni ya asiyejua kazi yake, si ya anayeuliza. Kijana akaenda kumwita rubani. Akaja mwanamke mmoja wa makamo, hana haraka, akatueleza kila kitu mpaka namna mlango unavyofunguliwa kwa ndani, na akasema kwa mwezi mzima ule mimi ni wa pili kumuuliza. Wa pili! Na wanapandisha watu toka asubuhi mpaka jioni.

Haya ya pili ni ya mizani. Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu ni yetu sisi wanawake khasa. Kwenye fomu unatakiwa uandike uzito. Jamani, kile si kikao cha posa! Rubani anazitaka zile kilo kwa sababu ndizo anazopangia viti, nani akae mbele, nani nyuma, kulia na kushoto, ili chombo kisilalie upande mmoja, na ndizo anazopigia hesabu ya mafuta. Watu watano wakipunguza kilo kumi kumi kwenye fomu, amebeba kilo hamsini ambazo hazimo kwenye hesabu. Ndiyo maana kampuni za maana hazitegemei fomu, zinakupima hapohapo. Wifi yangu alipoambiwa apande mizani na abaya yake na mkoba wake alitaka kurudi hotelini. Nilimwambia hakuna anayesoma ila yule mwenye kazi, na kweli, namba ilitoka kwenye kioo cha upande wao tu. Mtu akiwa mzito kupita kiwango chao wanamtoza nauli ya ziada. Alipe. Ni nafuu kuliko kudanganya.

Na hapo kuna jiografia ndani yake, ambayo wanafunzi wangu walikuwa wakisinzia nikiwasomesha. Hewa ya moto ni nyepesi. Hewa nyepesi inazishika mbawa vibaya. Sakafu ya korongo kiangazi inapita nyuzi 40, na kuta za mawe zikishaoka toka asubuhi, mchana upepo unapanda na kushuka kwenye magenge bila ya mpango. Kwa hiyo safari ya asubuhi mapema si ya kukimbia joto peke yake. Chombo kina nguvu zaidi na hewa imetulia. Watu wetu wanapenda saa za magharibi kwa ajili ya picha, mawe yanakuwa mekundu. Ni mazuri, sikatai. Lakini mimi, nikiwa na mjukuu mapajani, nitachukua saa mbili ya asubuhi na picha ije na rangi yoyote.

Jambo jengine ni maneno ya matangazo. Utasikia "tutakupitisha katikati ya kuta za Grand Canyon". Ndani ya hifadhi ya taifa yenyewe, ndege za watalii haziruhusiwi kushuka chini ya ukingo. Hilo lina historia. Tarehe 18 Juni 1986 ndege ya watalii na helikopta ya watalii ziligongana juu ya korongo, zote mbili zikiwa zimebeba watu waliokuwa wanaangalia mandhari ileile, na wakafa wote 25. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuziwekea safari hizo njia maalumu, vimo maalumu, na maeneo yasiyorukiwa kabisa. Na miaka 30 kabla yake, tarehe 30 Juni 1956, ndege mbili kubwa za abiria ziligongana karibu na hapohapo, watu 128, na msiba ule ndio uliowasukuma Wamarekani kuunda mamlaka yao ya usafiri wa anga mwaka 1958. Kutua chini kabisa, na ile picha ya kunywa sharubati kando ya mto, kunafanyika upande wa magharibi kwenye ardhi ya Wahualapai, kwa idhini yao na kwa malipo yanayoingia kwao. Wakala anayekuahidi kutua ndani ya hifadhi yenyewe ama hajui, ama anajua na anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa kuwa nimewataja wenyeji, niseme kidogo. Ndani ya korongo lilelile kuna kijiji kinaitwa Supai, cha kabila la Wahavasupai. Gari haifiki. Wanafika kwa miguu kilomita 13, au kwa nyumbu, ambaye mpaka leo ndiye anayebeba barua zao, au kwa helikopta. Na kwenye helikopta ile mwenyeji hutangulizwa, mgeni husubiri foleni. Nilipowaeleza haya watoto wa wifi yangu wakashangaa kwamba kuna watu wanaishi mule. Sisi tunaona pango la mawe, wenzetu ni nyumbani. Wale wa Oman wenye jamaa kwenye vijiji vya juu ya milima wataelewa haraka kuliko mtu wa Toronto.

Wapo watakaonijibu, na wameshanijibu kwenye sebule hizi hizi za Thornhill, kwamba kila mtu ana siku yake, na ajali ni kadari. Ni kweli kila mtu ana siku yake. Lakini ngamia hufungwa kwanza ndipo mtu akatawakali, hili tulifundishwa sote chuoni kabla hatujajua kufunga viatu. Mwengine alisema hata njiani kwenye gari watu wanakufa, tena wengi zaidi. Kweli vilevile. Ndiyo maana kwenye gari unamfunga mtoto mkanda na unamkataza dereva kushika simu. Kwa nini kwenye helikopta iwe tofauti?

Na mwenye kuona yote haya ni mazito, asihangaike kuruka bahari. Anayekaa Maskati ana korongo lake mwenyewe. Wadi Ghul, chini ya Jebel Shams, kina chake ni kama mita 1,000, na unafika ukingoni kwa gari yenye nguvu kwa siku moja kwenda na kurudi. Pale Al Khitaym mna njia ya miguu inayopita ubavuni mwa genge mpaka kijiji kilichohamwa, nyumba zimejengwa chini ya mwamba, na matuta yao ya kilimo yapo mpaka leo. Nina wajukuu hapa Thornhill wanaojua Arizona iko wapi na hawajui kama babu wa babu yao alitoka nyuma ya mlima ule. Lakini hayo ni makala nyengine, na wifi yangu atasema namchongea.

Mwaka huu wanakuja tena, mwezi wa saba, na safari hii na dada zake wawili. Nimeshawatumia maswali kwa WhatsApp, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili wamsomee wakala kwenye simu kabla hawajampa namba ya kadi: tangi, mizani, saa ya kuruka, na pa kutua. Mmoja wa wakala alikata simu. Wa pili alijibu yote na akapeleka waraka kwa barua pepe. Wifi amelipa kwa huyo wa pili, safari ya saa mbili asubuhi, na ananiuliza kama bakora ya Bi Mkubwa nayo inapimwa. Nimemwambia inapimwa, na mkoba wake pia, na akiweza aiache ile chupa ya kahawa hotelini.