MAKATO YA BIMA NA WAZEE WETU WA NYUMBANI



Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mshahara katika Kenya hukatwa asilimia 2.75 kwa Bima ya Afya ya Jamii, badala ya makato ya zamani ya NHIF. Wako wanaonung'unika, na wako walionyamaza kwa furaha. Maana karani wa shilingi 20,000, aliyekuwa akikatwa 750, sasa hukatwa 550, bali mkubwa wake wa shilingi 100,000 ametoka 1,700 hata 2,750, wala hakuna kikomo. Sisi twaona ni haki mwenye zaidi atoe zaidi. Lisilotupendeza ni kwamba mwajiri hatii senti yake kando ya yetu, hali Tanzania mtumishi wa Serikali hutoa asilimia 3 na mwajiri 3.

Lakini liko jambo zito kuliko hilo. Makato yetu humlinda mchangiaji, mwenzi wake na watoto wake, wazazi hawamo. Yawapasa wajiandikishe wenyewe, na kulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 3,600. Atakayeulizwa fedha hiyo ni nani, kama si mtoto wao aliye ofisini? Kweli, zahanati na vituo vya afya vya kaunti hutibu aliyeandikishwa pasipo malipo, gharama ikiwa juu ya Serikali. Ila mzee akilazwa hospitali kubwa, mchango wake usiolipwa ndipo huonekana. Basi kila mwanachama aendaye likizo, twamsihi awaandikishe wazee wake wangali wazima.