Raketi ya bingwa haiji na mkono wa bingwa

Kuna ugonjwa umeingia kwenye kumbi zetu za mpira wa vinyoya, na nadhani wakati umefika wa kuusema. Kijana anaanza kujifunza mwezi huu, mwezi ujao anaulizia raketi ya Viktor Axelsen. Bado hajaweza kupiga kinyoya kikafika mstari wa nyuma, lakini anajua jina la raketi, rangi yake na toleo lake. Mshahara ukiingia tu, anaagiza. Raketi ya namna hiyo inapita laki tano za Kitanzania kwa urahisi. Kwa sisi tulioajiriwa juzi juzi, hizo ni pesa za kodi ya chumba, tena ya miezi.

Nionavyo mimi, tunanunua jina halafu tunaiomba raketi itufundishe mchezo. Haiwezi. Na hasara yake haiishii mfukoni, inafika mpaka kwenye kiwiko.

Hebu tumwangalie huyo Axelsen mwenyewe. Ni mtu wa mita 1.94. Alipotwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 alikuwa akitumia Yonex Astrox 100 ZZ, raketi yenye kichwa kizito na fimbo ngumu sana. Fimbo ni ile sehemu nyembamba inayounganisha mpini na kichwa. Unapopiga, inapinda kidogo kama upinde halafu inarudi na kukisukuma kinyoya. Fimbo ngumu inahitaji mkono wenye kasi ndipo ipinde. Mkono wa Axelsen unayo kasi hiyo, na fimbo yake inarudi haraka na kukipeleka kinyoya pale pale anapotaka. Mkono wa karani anayecheza Jumamosi moja moja hauna kasi hiyo. Fimbo haipindi, kinyoya kinaishia katikati ya uwanja, naye anafidia kwa kuongeza nguvu ya bega na kiwiko. Baada ya wiki chache anaanza kulalamika kuwa anaumwa mkono akishika hata kikombe cha chai. Wengine huacha mchezo hapo hapo, wakidhani hawana kipaji.

Najua jibu utakalonipa: "Lakini mimi mchezo wangu ni wa smashi, nahitaji kichwa kizito." Sawa, tulizungumze hilo, maana ndilo linalowapoteza wengi.

Mwezi Aprili mwaka 2023, Satwiksairaj Rankireddy wa India alipiga smashi ya kilomita 565 kwa saa kwenye jaribio maalumu lililofanyika Japani, na Guinness wakaiandika kuwa rekodi ya dunia kwa wanaume. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Tan Boon Heong wa Malaysia, kilomita 493 kwa saa, ya mwaka 2013. Raketi zilizotumika zilikuwa Nanoflare 1000 Z na Nanoray Z-Speed. Zote mbili ni za kichwa chepesi! Ndiyo, smashi hizo hazikupigwa kwa zile raketi za kichwa kizito tunazougua nazo. Kasi ilitoka kwenye mwendo wa mkono, na kichwa chepesi huzunguka haraka. Sisemi kichwa kizito hakisaidii. Kinasaidia, hasa kwa mtu anayepiga kutoka nyuma na mwenye muda wa kujipanga. Ninachosema ni kwamba hakuna raketi yenye nguvu ndani yake. Nguvu unakwenda nayo wewe.

Sasa tuseme umekubali kuchagua kwa akili. Uangalie nini? Mambo matatu yanatosha.

La kwanza ni uzito. Kwenye raketi za Yonex utaona herufi U pamoja na namba. 3U ni gramu 85 hadi karibu 90, 4U ni gramu 80 hadi karibu 85, 5U ni gramu 75 hadi karibu 80. Namba ikipanda, uzito unashuka. Karibu na hapo kuna G na namba yake, huo ni unene wa mpini, na kwa Yonex namba kubwa ni mpini mwembamba. Kama una mkono mdogo, usibebe mpini mnene kwa sababu tu ndio uliokuwepo dukani.

La pili ni mizani. Ilaze raketi juu ya kidole kimoja mpaka isimame yenyewe bila kuangukia upande, kisha pima kutoka kitako cha mpini mpaka kwenye kidole. Ikiangukia kati ya milimita 285 na 295 hivi, mizani ni ya katikati. Ikizidi hapo, kichwa ni kizito. Ikipungua, kichwa ni chepesi. Raketi mbili zenye gramu zile zile zinaweza kuwa tofauti kabisa mkononi kwa sababu ya jambo hili moja.

La tatu ni ugumu wa fimbo, ambao nimeshaueleza.

Baada ya hapo jiulize unachezaje, na ujibu kwa ukweli bila kuangalia unachotamani. Anayecheza mmoja mmoja anaishi kwa mipira mirefu ya nyuma, na mizani ya katikati au kichwa kizito kiasi humpunguzia kazi. Anayecheza wawili wawili na kukaa mbele karibu na wavu anahitaji kichwa chepesi, maana pale vinyoya vinakuja kwa kasi na nafasi ya kuzungusha mkono haipo. Anayezuia smashi muda mrefu naye ni hivyo hivyo. Anayekaa nyuma na kushambulia ndiye mwenye haki ya kichwa kizito, mradi mkono wake unakimudu mpaka seti ya tatu.

Kama unadhani nazua, angalia watengenezaji wenyewe. Mwaka 2018 Yonex walitoa Astrox 88 kwa sura mbili, S kwa mchezaji wa mbele na D kwa mchezaji wa nyuma. Ndizo zilizohusishwa na wale vijana wa Indonesia waliokuwa namba moja duniani, Kevin Sanjaya Sukamuljo wa mbele na Marcus Gideon wa nyuma. Nchi moja, timu moja, upande mmoja wa wavu, na bado raketi ni mbili tofauti. Sisi tuko ishirini ukumbini, wanene kwa wembamba, warefu kwa wafupi, na kila mmoja anataka ile ile ya Axelsen. Jamani!

Kuna jambo lingine lililonifikirisha zaidi. An Se-young wa Korea Kusini alipotwaa dhahabu ya Paris mwezi Agosti 2024, badala ya kushangilia tu alikikosoa hadharani chama cha mchezo huo cha nchini mwake, hasa kwa jinsi kilivyoyashughulikia majeraha yake. Uchunguzi wa serikali uliofuata uligusa pia kanuni iliyowalazimisha wachezaji wa timu ya taifa kutumia vifaa vya mdhamini, raketi na viatu vikiwemo. Kwa watu wa kiwango kile, kuchagua kifaa kinachoukubali mwili wako ni jambo la kugombea. Sisi hatuna mdhamini, hatuna mkataba, hakuna anayetulazimisha. Uhuru huo tunao bure, halafu tunaupeleka wenyewe kwa tangazo la biashara. Kazi ya uandishi imenizoesha kuuliza kila mara: nani anafaidika? Hapa jibu halihitaji mwandishi wa habari za uchunguzi.

Nyuzi nazo tunazisahau, wakati ndizo zinazogusa kinyoya. Wachezaji wakubwa wanafunga ratili 28, 30 na kuendelea. Mtu akisikia hivyo, naye anamwambia fundi afunge 30. Nyuzi zilizokazwa sana hupunguza eneo zuri la kupigia katikati ya raketi, na ukikosa eneo hilo mtikisiko wote unaingia mkononi. Kwa anayeanza, ratili 20 hadi 24 zinatosha kabisa, na kinyoya kitakwenda mbali zaidi kwa jasho dogo zaidi. Halafu soma kilichoandikwa kwenye raketi yako, maana kila moja ina kikomo chake. Ukikipita, usimlaumu fundi fremu ikipasuka.

Wapo watakaosema rahisi ni ghali, kwa hiyo bora ununue ya juu mara moja ujipumzishe. Nakubaliana na nusu ya kwanza. Zile raketi za chuma zinazouzwa mbili mbili kwenye mfuko mmoja pamoja na vinyoya vya plastiki ni za kuchezea watoto uani. Ni nzito na zinachosha. Lakini kati ya hizo na ya laki tano kuna uwanja mpana. Tafuta raketi ya grafaiti mwili mzima, 4U, mizani ya katikati, fimbo ya ugumu wa wastani. Hiyo itakubeba miaka kadhaa. Tena hizi za majina makubwa ndizo zinazoghushiwa sana, na ukiona ya bingwa inauzwa kwa robo ya bei, ujue ni bandia. Pesa iliyobaki nunua viatu vya ndani vyenye soli isiyoteleza, kisha mlipe kocha. Kocha wa miezi miwili ataongeza kasi ya smashi yako kuliko toleo lolote jipya.

Na kabla hujatoa hata shilingi, azima. Kwenye kila ukumbi kuna watu wenye raketi za aina tatu au nne. Cheza seti nzima na kila moja, kisha jiulize mambo mawili: kinyoya kilifika nyuma bila kujikamua? Kiwiko kinasemaje asubuhi ya kesho yake? Hapo ndipo utakapojua raketi yako ni ipi, na huenda ikawa ile isiyo na picha ya mtu yeyote.

Naomba kuwasilisha.