Tiba asili au hospitali? Mgonjwa asiachwe njia panda

MACHI 2011, kijiji cha Samunge katika Loliondo, wilayani Ngorongoro, kiligeuka kuwa kituo cha safari ya matumaini kwa maelfu ya wagonjwa kutoka kila pembe ya Tanzania na nchi jirani. Foleni ya magari iliripotiwa kuzidi kilometa 20. Wote walikuwa wakisubiri kikombe kimoja cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti uitwao mugariga, kilichotolewa kwa Sh500 na Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapila, maarufu kama Babu wa Loliondo.

Iliaminika kwamba kikombe hicho kilitibu ukimwi, kisukari, saratani, pumu na kifafa. Wakubwa kwa wadogo walikinywa. Wapo waliotolewa wodini na ndugu zao ili wawahi foleni, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi kwa kuamini kuwa wamekwishapona. Kabla ya mwezi huo kwisha, vyombo vya habari viliripoti kuwa watu zaidi ya 50 walikuwa wamefariki dunia wakiwa njiani au wakisubiri zamu yao.

Mwasapila alifariki dunia Julai 2021, na foleni ya Samunge ilikuwa imetoweka miaka mingi kabla ya hapo. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kikombe kile kiliponya hata mojawapo ya magonjwa hayo. Hata hivyo, swali lililoachwa na foleni ile bado liko pale pale: je, mgonjwa wa Kitanzania amwamini nani, mganga au daktari?

Kwa muda mrefu mjadala huo umeendeshwa kama ugomvi wa kambi mbili. Upande mmoja wapo wanaoiona tiba asili kuwa ushirikina mtupu. Upande wa pili wapo wanaoiona hospitali kuwa biashara ya wageni iliyokuja kuua maarifa ya mababu. Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli, lakini zote mbili humsahau mtu mmoja, naye ni mgonjwa.

Wanaomcheka mgonjwa anayekwenda kwa mganga wangejiuliza kwanza sababu za uamuzi wake. Mganga anaishi kijijini hapo hapo, anazungumza lugha ya mgonjwa, anamjua kwa jina na kwa ukoo, na mara nyingi hupokea malipo kwa awamu, hata kwa kuku au mbuzi. Hospitalini, mgonjwa anaweza kupanga foleni tangu alfajiri, akaonwa kwa dakika chache, kisha akaondoka na karatasi asiyoweza kuisoma, akiambiwa akanunue dawa nje. Mfa maji haachi kutapatapa, na aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake hauna tiba hawezi kulaumiwa kwa kuitafuta mahali pengine.

Aidha, si kweli kwamba sayansi ya hospitali haidaiwi chochote na miti shamba. Kwinini, iliyotibu malaria kwa vizazi vingi, ilitokana na magome ya mti wa mkwinini, na wanakemia wa Ufaransa waliitenga kutoka kwenye magome hayo mwaka 1820. Vincristine, dawa inayotumika kutibu saratani ya damu kwa watoto, hutokana na ua lenye asili ya Madagascar. Metformin, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari hukimeza kila siku, asili yake ni utafiti juu ya mmea uliotumika Ulaya tangu zamani.

Mfano ulio karibu zaidi na Watanzania ni wa dawa ya mseto ya malaria, ALu, ambayo nchi ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006. Kiini chake ni artemisinin, iliyopatikana katika mmea wa artemisia. Mtafiti wa China, Tu Youyou, aliongozwa na maandishi ya kale ya tiba ya Kichina yenye umri wa miaka zaidi ya 1,600, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Watetezi wa tiba asili huupenda sana mfano huo, na wana haki. Lakini ni vema wausome hadi mwisho. Maandishi yale ya kale yalikuwa mwanzo tu wa kazi. Dawa ilipatikana baada ya mimea mingi kujaribiwa na kushindwa, baada ya kubainika kwamba joto la kuchemsha huharibu kiini chake, na baada ya kupimwa kwa wanyama na kisha kwa binadamu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza dawa za mseto zenye artemisinin, lakini halipendekezi chai ya majani ya artemisia. Katika chai, kiasi cha dawa hakijulikani, na dozi pungufu humwacha mgonjwa na ugonjwa wake huku ikiwazoesha vimelea kuishinda dawa.

Hapo ndipo ulipo msingi wa suala zima. Tofauti kubwa haipo kati ya jani na kidonge, bali kati ya kilichopimwa na kisichopimwa.

Dhana kwamba kitu cha asili hakina madhara nayo imegharimu maisha ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wapatao 100 nchini Ubelgiji waliharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vilivyochanganywa na mmea wa jamii ya aristolochia, na baadhi yao baadaye walipata saratani. Hata vitunguu saumu, vinavyosifiwa kila kona, vikitumiwa kwa wingi vinaweza kumzidishia hatari ya kutokwa damu mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mti wa mwarobaini unatajwa kuwa na uwezo wa kutibu maradhi arobaini, lakini jina si kipimo.

Siasa nazo zikiingia, hatari huongezeka. Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, viongozi wa juu walitilia shaka dawa za ukimwi na kusifia vitunguu saumu, ndimu na kiazisukari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba kucheleweshwa kwa dawa hizo kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Mwaka 2020, wakati wa janga la corona, Madagascar ilizindua kinywaji chake cha mitishamba, na Mei mwaka huo Tanzania ilituma ndege kwenda kukichukua. Matangazo yalitangulia, majaribio yakafuata nyuma.

Kisheria, Tanzania haiko mikono mitupu. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na leo ni taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusajili waganga na kusimamia maadili yao. Lakini mwaka 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi, Serikali ililazimika kusitisha leseni za waganga wote. Uamuzi ule ulionyesha jinsi mpaka kati ya mtaalamu wa mitishamba na mpiga ramli ulivyokuwa haujulikani hata kwa wanaopaswa kuulinda.

Mkoani Tanga, hata hivyo, ilionekana tangu miaka ya 1990 kwamba pande hizi mbili zinaweza kukaa meza moja. Katika kipindi ambacho dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa bado hazijawafikia wananchi, waganga wa jadi walishirikiana na madaktari wa Hospitali ya Bombo, kupitia kikundi kinachojulikana kama TAWG, kuwahudumia wagonjwa wa ukimwi kwa dawa za mitishamba dhidi ya magonjwa nyemelezi. Ushirikiano huo ulimpa mgonjwa jambo moja adimu, nalo ni kuwa wazi kwa wote wawili.

Uwazi huo ndio unaokosekana mahali pengi. Mgonjwa hamwambii daktari kwamba anakunywa dawa za kienyeji kwa kuogopa kufokewa. Hamwambii mganga kwamba anameza vidonge kwa kuogopa kuambiwa hana imani. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika hili mgonjwa hafichi kwa hiari yake. Amefundishwa kuficha.

Gharama ya ukimya huo huonekana katika wodi za saratani, ambako wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa katika hatua za mwisho. Si wote waliochelewa kwa sababu ya waganga. Wengine walicheleweshwa na umbali, umaskini, au zahanati zisizo na vipimo. Lakini uvimbe unaoweza kukatwa leo hautasubiri miezi sita ya majaribio ya mizizi.

Kinachohitajika si kuchagua kambi. Daktari aulize bila dharau mgonjwa anatumia nini nyumbani. Mganga ajue dalili ambazo akiziona lazima ampeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Serikali itoe fedha za kutosha kwa utafiti wa mimea ya nchi, na imtake kila anayetangaza dawa ya kutibu ukimwi, kisukari au saratani aonyeshe ushahidi kabla ya kuonyesha bei.

Dawa ikifaulu kipimo hicho, haitakuwa na haja ya kuitwa ya asili wala ya kisasa. Itaitwa dawa. Ikishindwa, mgonjwa ana haki ya kuambiwa mapema, angali na nguvu za kusafiri.